Matairi ya Ukaguzi

Mimi si mtu wa magari. Nimefundisha darasa la tatu karibu maisha yangu yote, na hadi leo sijui klachi inafanya kazi gani. Lakini nionyeshe gari lolote kuukuu, uniulize kama linafaa kutembea barabarani, nitainama kwanza kutazama matairi. Vijana hucheka wakimwona bibi mzima ameinama kwenye maegesho, anaingiza ukucha kwenye kashata, ile mifereji ya tairi inayoshika barabara. Wacheke tu. Ukucha ukizama, napanda. Stika ya ukaguzi iliyobandikwa kiooni siitazami wala siihesabu.

Gari letu lilikuja miaka ile ya ruksa, bandari ilipofunguka na magari yaliyochokwa na Wajapani yakaanza kumiminika. Mume wangu alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma hapa Dodoma. Shirika likafa, naye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Kuna walionunua mashine za kusaga, kuna waliooa tena. Yeye alipanda treni kwenda Dar es Salaam na kurudi na stesheni wagoni nyeupe, ndefu nyuma, ambayo viti vyake vya nyuma vilikunjwa pakabaki sakafu tupu ya kutosha kulaza kitanda. Mlangoni palikuwa bado na maandishi ya Kijapani. Fundi wetu alipoyaona alituambia huenda yanasema usinunue.

Fundi hakuwa mbali na ukweli. Wiki ya pili radieta ilivuja. Mwezi wa pili klachi ilikufa katikati ya soko, siku ya gulio, tukalisukuma mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Mvua ikinyesha lilikuwa haliwaki, na jua likiwaka lilichemka. Mume wangu alilitetea kama mtu anayemtetea mtoto mtundu. "Injini bado kabisa," alisema kila mara, mikono imejaa grisi. Na sitaki kulionea: mara nyingi lilitufikisha tulikokwenda, na kwa magari ya wakati ule hiyo ilikuwa sifa. Lilibeba viti vya harusi, magunia ya karanga, kwaya nzima ya kanisa. Kilicholiangusha ni matairi. Lilikuja na matairi yaliyokwisha, na sisi tukayamaliza kabisa, hadi yakawa vipara.

Upande wa pili wa barabara aliishi jirani yetu, mtumishi wa serikali, mtu wa Kondoa, Mwislamu mpole asiyepaza sauti hata kwa mbuzi. Alikuwa na gari la kampuni ileile ya kwetu, ila la kwake lilikuwa saluni, fupi nyuma, na alilitunza kwa namna iliyokuwa ikiniudhi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alilipangusa, alifungua boneti, alipima oili kwa kijiti. Matairi yake yalikuwa mapya, aliyaagiza kutoka mjini Dar es Salaam, na magurudumu ya magari yale mawili yaliingiliana nati kwa nati.

Kwa hiyo mtaani kwetu kukazuka desturi. Gari la mtu likiitwa ukaguzi, matairi ya jirani yetu ndiyo yalikwenda. Alikuwa hana choyo. Yalifungwa asubuhi kwenye gari la mwenye shida, yakaenda mbele ya mkaguzi, yakasifiwa, yakarudi kwa mwenyewe kabla ya jioni. Mwalimu mwenzangu alipata stika kwa matairi yale. Mwenye duka la vifaa alipata stika kwa matairi yale. Tuliyaita matairi ya ukaguzi, na tulicheka tukisema mkaguzi akiyaona tena atayapigia saluti. Hakuna aliyeona kwamba tunadanganya. Tulijiona watu wa mtaa mmoja, tunaosaidiana. Na wakati yakiwa safarini, jirani yetu aliliacha gari lake juu ya mawe manne, nje ya nyumba yake, naye akaenda kazini kwa miguu.

Sasa nieleze kuhusu mama yangu, maana yote haya ni kwa ajili ya mguu wake.

Mama alikuwa akiishi Haneti, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, na alikuwa na sukari. Mwezi wa kumi na moja alijikwaa kwenye shina la mtama, kidole kikachubuka, kidonda hakikupona. Tulimleta mjini kwa basi, daktari akamsafisha, akampa dawa, akaniita pembeni. Alisema: weusi ukitokea kwenye kidole, mleteni haraka, na asipitishe Ijumaa inayofuata, ndiyo siku yangu ya upasuaji, kwa sababu kitu hiki kikivuka vidole nitakata chini ya goti. Alionyesha kwa kiganja cha mkono mahali atakapokata. Mama akaomba kurudi kwake, mbuzi wake hawana mtu. Nikamrudisha. Sikupaswa kumrudisha, lakini nilimrudisha.

Jumapili kondakta wa basi la Kondoa aliniletea salamu nyumbani: kidole kimekuwa cheusi. Basi lenyewe lisingeweza kumleta safari hii. Lilikuwa likifika Haneti limekwisha kujaa, watu wamesimama hadi mlangoni, na mama alikuwa hawezi hata kuushusha mguu chini. Alitakiwa alale, mguu umeinuliwa. Tulikuwa na gari la kulaza mtu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na nilimwomba mume wangu msamaha kwa yote niliyowahi kulisema gari lile.

Jumatatu aliondoka alfajiri. Saa mbili alikuwa amerudi. Kwenye kizuizi cha Msalato trafiki alitazama kiooni, akaona stika imepitwa na muda, akazunguka gari mara moja, akachukua leseni yake. Arudi mjini, apeleke gari ukaguzi, akifaulu leseni ataikuta kituoni.

Jirani yetu alisikia. Jioni alikuja akasimama mlangoni, akabisha hodi kwa ile sauti yake ndogo.

"Shemeji, kesho naweza kuomba ruhusa nimfuate mama kwa gari langu."

Nilimkatalia kwa adabu. Nilisema saluni haitamlaza mama, mguu utaning'inia kwenye makorongo yote yale. Ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kingine ambacho sikukisema: tulinunua gari refu, mtaa mzima uliona, na sasa mama yangu aje kubebwa na gari la mwingine. Sipendi kulikumbuka neno lile lililokuwa moyoni mwangu, lakini lilikuwemo.

Jumanne mume wangu akapeleka gari ukaguzi, nami nilikwenda naye kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Mkaguzi alikuwa mtu mnyoofu, mwembamba, mwenye kofia iliyonyooka. Wapo watu wanaodhani kila gari bovu la nchi hii lilipita kwa soda. Huyu hakunywa soda ya mtu. Alilala chini kwenye vumbi, akapanda, akakanyaga, akavuta, na alipomaliza alimsomea mume wangu karatasi kwa sauti, kama mwalimu anayesoma ripoti mbele ya mzazi. Breki ya nyuma kulia haishiki. Handbreki hakuna. Taa ya breki kushoto haiwaki. Usukani unacheza. Matairi yote manne yamekwisha. Kisha akatoa kopo la rangi ya njano na brashi, akachora msalaba kwenye ubavu wa ndani wa kila tairi, ili yasirudi tena machoni pake.

"Gari hili halifai," alisema. "Rekebisha, ulete ndani ya siku saba."

"Siku saba ni nyingi kwangu, afande," mume wangu alisema.

"Basi lete kesho. Mimi nipo."

Jumatano nzima fundi alikuwa chini ya gari. Breki akazitengeneza kweli, sikatai, na usukani akaukaza, na taa zikawaka zote. Yaliyobaki ni matairi. Saizi ile madukani ilikuwa haipo; tungeagiza Dar es Salaam tungengoja wiki nzima. Ijumaa ya daktari ilikuwa keshokutwa. Jioni mume wangu alivuka barabara, na hakuhitaji hata kumaliza sentensi.

Alhamisi alfajiri wanaume wawili walikuwa nje na jeki. Jirani yetu alifungua magurudumu yake mwenyewe, akayavingirisha hadi kwetu. Alipoyaona yetu na misalaba yake ya njano alicheka.

"Haya yamekwisha kubatizwa," alisema. "Hayanifai mimi."

Tulicheka wote watatu. Alikwenda kutafuta mawe yake manne. Ndipo nilipofungua mdomo. Gari juu ya mawe, mtaani kwetu, ni gari la mtu aliyekwisha. Wapitao hulitazama na kuuliza mwenyewe amepatwa na nini. Nilimwonea aibu. Mtu anatusaidia hivi, halafu tumwache na gari juu ya mawe kutwa nzima, watoto wakicheza chini yake?

"Msimwekee mawe," niliwaambia. "Mfungieni haya ya kwetu lisimame tu. Ni kama kandambili za uani, mpaka viatu vyake virudi."

Mume wangu aliona ni wazo la kiungwana. Jirani yetu alisema hakuna haja, mimi nikashikilia. Wakafunga. Gari lake likasimama vizuri kwenye vipara vyetu, na kwa mbali, upande wa misalaba ukiwa ndani, hukujua kwamba limebadilika chochote. Nilifurahi nilipoliona limesimama. Nimelirudia jambo hili moyoni mwangu miaka yote hii. Jiwe lisingeweza kumchukua popote.

Mbele ya mkaguzi mambo yalikwenda haraka. Alikanyaga breki, zikashika. Aliinama kwenye matairi, akaingiza ukucha kwenye kashata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Karatasi yote ikaandikwa nzuri, nzuri, nzuri, toka juu hadi chini. Stika akaibandika mwenyewe, akaipapasa ishike. "Sasa hili ni gari," alisema. Saa sita leseni ilikuwa mkononi.

Mpango ulikuwa turudi, tubadilishe magurudumu, kisha twende Haneti. Mume wangu alikuwa tayari amegeuza gari kuelekea nyumbani. Nilitazama mbingu upande wa kaskazini, mawingu yalikuwa meusi. Nikamwambia kubadilisha ni saa nzima, na kwa vipara hatutavuka makorongo yale, na kama mvua ikitutangulia mama atakatwa mguu.

"Twende nayo," nilisema. "Jioni tumerudi."

"Hatujamwambia."

"Nitamwambia mke wake."

Tulisimama kwao dakika mbili. Mke wa jirani alikuwa anapembua mchele barazani. Hatukuwa mashoga wa kukaa pamoja, lakini tulisalimiana kila siku na kuombana chumvi. Nilimweleza nikiwa bado nimeshika mlango wa gari.

"Sawa mwalimu, lakini kesho saa tatu anamfuata mtoto Buigiri," alisema. "Shule zinafungwa."

Binti yao wa pekee alikuwa haoni, akisoma Buigiri bwenini. Nilijua hilo. Nilijua hata kwamba siku ya kufunga shule hukaa juu ya sanduku lake tangu asubuhi, amevaa viatu, akingoja.

"Jioni hii hii, jirani," nilimwambia. "Mungu akipenda, magharibi haitukuti njiani."

"Haya. Mpeni pole mama."

Tulimkuta mama amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, umefungwa kipande cha kanga. Weusi ulikuwa umekwenda kidole cha pili. Tulitandika godoro nyuma, tukambeba. Hatujafika hata mwisho wa kijiji, mvua ikashuka. Si mvua ya kwetu tunayoiomba miezi minane. Ilikuwa maji yaliyomwagwa. Tulipofika kwenye korongo kubwa, tulisikia mngurumo kabla ya kuona. Lilikuwa limejaa ukingo hadi ukingo, maji ya rangi ya matofali, yakibeba miti mizima. Malori mawili yalikuwa yamesimama upande ule na moja upande huu. Dereva wa lori alitwambia tusahau safari mpaka kesho.

Tulirudi kwa mama, tukalala. Mume wangu hakulala, alikaa kitandani ananiuliza kama huyu bwana atangoja. Nilimwambia atangoja, atafanya nini kingine, hana matairi. Nilisema vile kama jambo zuri.

Asubuhi tulikuwa kwenye korongo tangu kumi na mbili. Maji yalipungua polepole, kama yanayotudhihaki. Saa nne na nusu lori la kwanza likavuka. Tukafuata. Katikati gari likazama upande mmoja, injini ikalia, nikamshika mama begani kwa mikono miwili. Matairi yalisaga tope, yakasaga, kisha kashata zikapata mchanga mgumu chini na tukatoka. Ni lazima niseme ukweli huu pia: kwa vipara vyetu tungebaki palepale. Mama yangu alivushwa na matairi yale.

Tuliingia mjini saa saba mchana. Hatukupitia nyumbani, tulikwenda hospitali moja kwa moja, kwa sababu daktari alikuwa bado yupo. Mume wangu aliingia ndani kutafuta machela. Alikawia. Nilipoinua macho nikamwona anarudi mikono mitupu, anatembea kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, na nyuma yake mwenye duka la vifaa wa mtaani kwetu.

"Jirani amefariki," mume wangu alisema.

Alikuwa amengoja. Alingoja saa tatu, akangoja saa nne, anatoka barabarani, anatazama upande wa Msalato, anarudi. Mkewe alimwambia mtoto atakuwa amekaa juu ya sanduku. Mvua ilikuwa imenyesha hata huku, lami imelowa. Alimwambia mkewe atakwenda taratibu. Karibu na Ihumwa tairi la mbele lilipasuka, gari likateleza likaacha barabara, likaingia kwenye kalavati. Alikuwa peke yake. Mtoto aliletwa jioni na mwalimu wake, pamoja na sanduku.

Sikulia. Nilisema machela iko wapi. Watu waliokuwepo walidhani nina roho ngumu, na huenda wamesema kweli. Daktari alimchukua mama saa nane. Alikata vidole viwili, mguu akauacha. Alitoka akaniambia, mmemleta kwa wakati, siku moja zaidi nisingeweza. Nikamwambia asante.

Maiti ilikuwa jengo la pili, kwenye hospitali hiyohiyo. Ndugu zake walitaka kumzika kwao Kondoa, kesho yake mapema, kama dini yao inavyotaka wasikawie. Wazee wa msikitini walikaa barazani kwake wakipanga usafiri. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, kichwa chini. Mzee mmoja akamgeukia.

"Gari la kumlaza ni lako tu, mwanangu. Mtatusaidia?"

Mtu anajibu nini hapo? Angesema matairi ya gari lile ni ya marehemu, angelazimika kusema mengine yote, pale pale, maiti haijazikwa. Angekataa, angekuwa jirani asiye na utu. Alisema ndiyo. Asubuhi wakakunja viti vya nyuma. Godoro la mama nilikuwa nimeliondoa na sakafu nimeiosha mwenyewe. Wakamwingiza, ameviringishwa sanda, juu ya mkeka. Mjane aliletwa nje akiwa ameshikwa mikono. Aliinamisha kichwa chini, nikadhani anaona kizunguzungu. Alikuwa anatazama matairi. Alilitazama la mbele, akalitazama la nyuma, kisha wakampandisha kwenye lori pamoja nasi wanawake.

Lori letu lilifuata nyuma ya gari njia nzima. Pale Msalato askari wa kizuizini alitazama stika, akavua kofia, akainua mti. Baada ya hapo lami ilikwisha. Barabara ilikuwa na tope laini la jana, na mbele yetu kashata zilikuwa zimejichora safi, mistari miwili, kilomita baada ya kilomita, tukapita Haneti, tukapita nyumba ya mama. Mjane alikaa mkabala nami. Nilikuwa nataka anitukane. Hakunitukana.

Siku ya tatu baada ya kurudi, mkaguzi alikuja nyumbani, bila hasira, na karatasi mkononi. Alikuwa amekagua gari la marehemu kituoni. Alikuta misalaba ya njano kwa ndani.

"Hii ni rangi yangu," alimwambia mume wangu. "Nilikuchorea wewe Jumanne."

Mume wangu alieleza kila kitu, tangu mwanzo. Alikwenda kituoni akaandika maelezo, akatia sahihi, akalipa faini. Mkaguzi alikwangua stika kiooni kwa wembe, taratibu, kipande kwa kipande. Lakini karatasi ya ajali haikubadilika. Iliandikwa kwamba chanzo ni mwenye gari kutembelea matairi yaliyokwisha, kwa uzembe wake mwenyewe, na kwa karatasi hiyo bima ikakataa kumtazama mjane. Mtu aliyepima oili kila asubuhi ameandikwa mzembe mpaka leo, na karatasi yetu ya siku ile inasema nzuri, nzuri, nzuri. Mume wangu alirudi kituoni mara mbili kuwaomba waandike upya. Walimwambia dereva ndiye anayejua anaendesha nini. Na alijua, kweli. Ndiyo maana aliahidi kwenda taratibu.

Nilitaka turudishe matairi usiku, mtaa ukiwa umelala. Mume wangu alikataa. "Tuliyachukua mchana," alisema. Akayafungua mwenyewe, akayaosha kwa brashi hadi tope la Kondoa likatoka, akayavingirisha moja moja kuvuka barabara, mara nne kwenda, mara nne kurudi, watu wamesimama kwenye milango. Shemeji wa marehemu aliyapokea, akayaegemeza ukutani nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeuliza yatafanya kazi gani. Gari letu likabaki juu ya mawe hadi tulipoliuza kwa vipande.

Mama alilazwa wiki tano. Hatukumweleza. Daktari alisema asishtuliwe, sukari itapanda, nasi tulilishika neno hilo kwa mikono miwili kwa sababu lilitufaa. Alijua tu kwamba jirani amekufa kwa ajali. Alipotoka alikuja kukaa kwangu, akajifunza kutembea kwa fimbo, kwanza chumbani, kisha uani. Siku alipofika mlango wa mbele bila kushikwa, alitazama ng'ambo ya barabara.

"Yule mama yuko eda bado?" aliniuliza.

"Yuko."

"Sijampa pole. Nimekaa hapa nakula, msiba uko mlango wa pili. Nitakwenda kwa miguu yangu."

Nilimwambia kesho. Akasema leo. Nilimwambia mguu haujawa na nguvu. Akatangulia na fimbo yake.

Mjane alikuwa chumbani, amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe. Binti yake alikuwa amelala amemwegemea pajani. Alimsogeza mtoto kwa uangalifu, akataka kuinuka, mama akamzuia.

"Shikamoo mama," mjane alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Ningekuja mapema, mguu ulinikataza."

"Nilisikia. Unaendeleaje huo mguu?"

"Umepona. Vidole ndiyo vimekwenda."

"Hebu niuone."

Nilisema hakuna haja. Mama alikuwa ameshakaa mkekani, ameshaunyoosha mguu, anafungua kitambaa. Alikuwa anaonyesha mguu ule kwa kila mtu, muuza maziwa hadi mchungaji. Mjane akakikamata kisigino kwa mikono miwili, akaugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole gumba juu ya kovu pole pole, akahesabu vidole vitatu vilivyobaki kwa kuvigusa, akapandisha mkono mpaka chini ya goti, pale ambapo daktari angekata. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikupata pa kuweka macho.

"Ni wanangu hawa na gari lao," mama alimwambia. "Daktari amesema wangechelewa siku moja tu, huu haupo."

"Najua, mama," mjane alisema. "Siku ile hata sisi tulikuwa tunalingoja."

Akachukua kitambaa, akamfunga mguu upya, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeufunga mimi. Mama akamshukuru.